Maungio ya Bomba la Baharini

Gesi iliyoanza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam mwaka 2004 hutoka kisiwani Songosongo, Kilwa, na kabla ya kufika nchi kavu Somanga hupita chini ya bahari kwa takriban kilomita 25. Mabomba ya aina hiyo kwa kawaida huja vipande vya mita 12 hivi. Piga hesabu, utaona umbali huo unadai maungio kama elfu mbili, yote ya kuchomelea. Kila kipande hutoka kiwandani kimevikwa epoksi na plastiki, mara nyingi na zege juu yake ili kizame, lakini ncha huachwa tupu, maana plastiki haistahimili moto wa mchomeleaji. Ukanda huo mtupu huvikwa melini, katikati ya upepo wa chumvi, na kwa haraka, kwa kuwa meli ya kulaza mabomba hukodishwa kwa fedha nyingi kila siku. Kwa hiyo uimara wa bomba upimwe hapo kwanza, kabla ya kusifu kiwanda.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba bomba hufungwa pia vikuku vya zinki au alumini, ambavyo huliwa na bahari badala ya chuma. Ni kweli, na bila hivyo tundu dogo lingeleta balaa. Ila vikuku huisha, na huisha upesi zaidi kadiri chuma kilicho wazi kinavyoongezeka. Kuna pia hatari isiyoonekana: plastiki iliyobanduka bila kuchanika huruhusu maji kupenya chini yake, huku ikiuzuia umeme wa kinga utokao kwenye vikuku kuyafuata huko. Ganda la namna hiyo laweza kuwa baya kuliko kukosa ganda kabisa.

Basi zinunuliwe bidhaa ghali zaidi? Sidhani kama hilo latosha. Iwe plastiki inayosinyaa kwa moto, iwe epoksi ya unga inayoyeyukia juu ya chuma chenye joto la nyuzi zaidi ya 200, zote huangushwa na chumvi iliyosalia, mafuta ya mikono au unyevu. Chuma hupulizwa chembe kali mpaka kiparuzike, na kanuni ya kawaida hutaka joto lake lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Baadaye kifaa cha umeme mkali hupitishwa juu ya ganda, nacho hutoa cheche penye tundu, lakini hakipimi mshikamano. Kuupima huo ni kukata ukanda wa ganda na kuuvuta, yaani kuliharibu, hivyo hufanyiwa maungio machache tu. Mengine yote hutegemea dakika alizopewa fundi za kusafisha.