Nani Alichagua Tarehe 12 Desemba?

Ukipanda matatu za Ngong Road kutoka katikati ya jiji la Nairobi ukashuka Adams Arcade, unakuwa umezungukwa na tarehe moja ya kalenda. Mtaa wa jirani ni Jamhuri Estate. Uwanja unaofanyiwa maonyesho ya kimataifa ya biashara kila mwaka ni Jamhuri Park. Watu hulitaja jina hilo kutwa nzima wakielekezana njia, na jina lenyewe ndilo la sikukuu ya taifa, tarehe 12 Desemba.

Wakenya wanaijua tarehe hiyo kwa mambo mawili. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, katika uwanja unaoitwa leo Uhuru Gardens, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, nchi ikawa jamhuri na Jomo Kenyatta akawa rais wake wa kwanza.

Orodha haiishii hapo. Tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi, akiwa kwenye kilima cha Signal Hill kisiwani Newfoundland, aliripoti kwamba amenasa ishara ya redio iliyotumwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka bahari ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 2015, mataifa yalipitisha Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi, yakaahidi kuzuia joto la dunia lisipande kwa nyuzi 2, na kujitahidi lisipite 1.5.

Bendera, redio, nyota na hali ya hewa vimekutana katika mraba mmoja wa kalenda. Je, siku hii ina jambo lake, au sisi ndio tunaolitia?

Hesabu ya abiria 33

Hisabati inaanza na swali dogo. Minibasi ya abiria 33 imejaa pale stejini Adams. Kuna uwezekano gani kwamba angalau wawili kati yao wanaadhimisha siku moja ya kuzaliwa, bila kujali mwaka? Wengi hukisia kuwa ni mdogo sana, maana siku ni 365 na watu ni 33 tu. Jibu ni zaidi ya asilimia 77. Hata abiria 23 wanatosha kuvusha uwezekano huo nusu.

Anayekisia chini huwa amehesabu watu, ilhali kinachofaa kuhesabiwa ni jozi. Kila abiria analinganishwa na wengine 32, na ndani ya gari hilo moja mna jozi 528. Kila jozi ni nafasi mpya ya tarehe mbili kugongana. Watu wakiongezeka kidogo, jozi huongezeka kwa kasi.

Swali likibadilika, jibu nalo hubadilika. Ukitaka angalau abiria mmoja aliyezaliwa tarehe 12 Desemba hasa, utahitaji watu 253 ndipo uwezekano uvuke nusu. Kugongana kwa tarehe yoyote ni jambo la kila siku. Kugongana kwenye tarehe uliyoitaja kabla ni jambo gumu. Mshangao mwingi kuhusu siku za kihistoria hutokana na kuchanganya maswali haya mawili.

Sasa tupeleke hesabu hiyo kwenye historia. Chukua kalenda ya ukutani yenye miraba 365, uimwagie punje 365 za maharage bila kulenga popote. Mtu angetarajia kila mraba upate punje yake, lakini sivyo bahati inavyogawa. Kwa wastani miraba 134 itabaki mitupu, na takriban miraba 29 itapata punje 3 au zaidi. Kwa hiyo tarehe zilizorundikana matukio ni lazima ziwepo hata kama hakuna mkono wowote uliozirundika. Ajabu ingekuwa kalenda iliyogawana sawasawa.

Yaliyochujwa

Tena orodha hizi za "leo katika historia" huwa zimechujwa kabla hazijamfikia msomaji. Mwezi ule ule Marconi aliposikiliza ishara zake, Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu. Kwa mtu wa Nairobi tukio hilo lina uzito kuliko redio ya Newfoundland, lakini halikuangukia tarehe 12. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili tu kabla ya Kenya. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda shirika la mazingira, UNEP, na kuliweka Nairobi, tarehe 15 Desemba 1972. Yote matatu yamepita karibu na shabaha, na yaliyokosa shabaha hayatajwi. Tukiyasahau, yale yaliyogonga yanaonekana kama yameitwa na nguvu fulani.

Kuna mtego mwingine. Zichunguze siku za wiki: mwaka 1901 na 1963 tarehe 12 Desemba ilikuwa Alhamisi, mwaka 1964, 1970 na 2015 ilikuwa Jumamosi. Matukio matano, siku mbili tu za wiki! Ukikokotoa kana kwamba siku hizo zilipigiwa kura, uwezekano wa matokeo ya namna hiyo haufiki 4 kwa 100. Hata hivyo hauthibitishi lolote, kwa sababu hakuna aliyeutabiri kabla ya kutazama. Nilipekua kwanza, nikaona ruwaza, ndipo nikaitafutia hesabu. Ningeweza kuipata pia katika miezi ya mwandamo, miaka isiyogawanyika kwa mbili, au herufi za majina. Anayetafuta ruwaza mia moja atazipata chache zenye kushangaza. Ndiyo maana watafiti makini huandika wanachokitafuta kabla ya kukusanya data.

Mkono wa binadamu

Hapo mtu anaweza kuhitimisha kwamba yote ni bahati. Angekosea, na Afrika Mashariki ina ushahidi mzuri kuliko sehemu nyingi.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na tarehe 9 Oktoba 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa rais badala ya gavana mkuu aliyemwakilisha malkia. Kenya ikafuata kwa tarehe 12 Desemba ya 1963 na ya 1964. Kama tukio la pili katika kila nchi lingeangukia siku yoyote ya mwaka kwa bahati, uwezekano wa yote matatu kurudia tarehe ya kwanza ni 1 katika zaidi ya milioni 48. Mtu asiyejua lolote kuhusu siasa, akipewa tarehe hizi tupu, angegundua kwamba zimechaguliwa. Viongozi walitaka siku moja ibebe mambo mawili, ili kumbukumbu ya uhuru na ya jamhuri zisigawanyike.

Baina ya bahati na uchaguzi kuna aina ya tatu, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote: bahati inayotokea, kisha watu wakaipa maana. Mfano wake upo kwenye maji ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Huko, juu ya nguzo za chuma zilizokita baharini, Waitaliano wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio walijenga jukwaa la San Marco. Mahali hapo pako takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na Ikweta ni mahali pema pa kurushia roketi. Ardhi yenyewe inakimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, hivyo roketi huanza safari ikiwa imesukumwa tayari. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa eneo la Atlantiki Kusini ambako mionzi ya angani hushuka chini na kuvuruga vipimo.

Eksirei kutoka kwenye nyota haziwezi kupenya angahewa yetu. Kabla ya 1970 wanasayansi walikuwa wakitumia roketi zilizopanda na kuanguka, wakipata dakika chache tu za kutazama. Setilaiti ya mwaka ule, yenye uzito wa kilo 140 hivi, ilibadilisha mambo. Ilibeba vihisi viwili vilivyotazama pande kinzani, kila kimoja kikiwa na visanduku vya gesi vyenye madirisha membamba ya metali ya berili. Eksirei ikipenya dirisha na kuigonga gesi, iling'oa elektroni, ukatokea mpigo mdogo wa umeme, nao ukahesabiwa. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikiifagia anga kipande baada ya kipande.

Ilirushwa kwa roketi ya Scout ya Marekani mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa 7 wa uhuru. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend. Kwa heshima ya Wakenya waliokuwa wenyeji wa kazi hiyo, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imekusanya data zilizotoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei angani. Ilionyesha kwamba kile kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8, dalili ya nyota ya nyutroni inayofyonza gesi ya mwenzake. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kiwe kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikikubali kwa uzito kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Siku kwa saa ya nani?

Hata neno "siku moja" linahitaji kupimwa. Bendera ya Kenya ilipopanda usiku wa manane, saa za London zilionyesha saa tatu usiku, tarehe 11 Desemba. Katika kalenda ya Hijria, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi, maadhimisho yale yale huhama kila mwaka. Tarehe ni makubaliano, na watu walioyaweka wanaweza kuyatumia vizuri au vibaya.

Kwa hiyo ukisoma tena kwamba mambo makubwa yalitokea siku moja, uliza maswali matatu. Orodha hii ilichujwa na nani, na nini kimeachwa? Je, ruwaza ilitabiriwa, au ilionekana baada ya kutazama? Na je, kuna aliyeichagua tarehe hiyo kwa makusudi? Maswali hayo yanamfaa msomaji wa historia, mchezaji wa kamari, na mgonjwa anayeelezwa kwamba dawa fulani ilimponya jirani.

Kuhusu tarehe 12 Desemba, naomba jambo moja. Kila mwaka tunawasimulia watoto wetu habari za bendera, na ni haki yao kuzijua. Tuwasimulie pia kwamba katika siku hiyo hiyo, kutoka maji ya nchi yao, kiliondoka chombo chenye jina la Kiswahili kilichowafungulia binadamu wote anga ambayo macho yao hayawezi kuiona. Bahati iliziweka habari hizo mbili katika mraba mmoja. Kuzifundisha pamoja ni uamuzi wetu, na shule yoyote inaweza kuuanza Desemba inayokuja.