Usiogope Dawa ya Kuvuta

Huenda mtaani kwenu yupo mzee asiyeweza kupanda ngazi hadi orofa ya pili bila kutua na kutweta. Huenda ni mama aliyepikia kuni tangu usichana wake, au baba aliyevuta sigara miaka na mikaka. Moshi umewaachia ugonjwa sugu wa mapafu: mirija ya hewa imekuwa myembamba, na haitarejea ilivyokuwa.

Daktari anapowaandikia inhela, kile kikopo cha kuvuta dawa kwa mdomo, jamaa huwaonya wasikiguse. Ati ni dawa ya mahututi, na ukishaizoea huwezi kuiacha. Basi hurudia tembe.

Hebu tupige hesabu. Tembe ya salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, aghalabu huwa na miligramu 2 au 4. Ukiimeza husambaa mwili mzima pamoja na damu, ndiyo maana moyo hupiga mbio na mikono hutetemeka. Kwa kawaida, ukibonyeza inhela mara mbili unapata mikrogramu 200 tu, yaani sehemu moja kwa ishirini ya tembe ya miligramu 4. Hata hivyo, kifua hufunguka kwa dakika chache, kwa kuwa dawa imefika penye shida.

Wazo la kikopo hicho lilitoka kwa mtoto. Mwaka 1955 huko Marekani, msichana wa miaka 13 mwenye pumu alichoshwa na chombo cha kioo alichokuwa akikifinya ili avute dawa. Alimuuliza babake, George Maison, kwa nini isitiwe ndani ya mkebe kama dawa ya nywele ya kupuliza. Maison alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker, na mwaka 1956 inhela hiyo ikaingia sokoni.

Dawa za wakati huo zilisumbua moyo pia. Huko Uingereza, David Jack na wenzake walitafuta iliyolenga mirija zaidi, na mwaka 1969 salbutamoli ikaanza kuuzwa. Mwaka 2002 ikaja tiotropiamu, poda inayovutwa mara moja kwa siku. Juni 2024, Marekani iliidhinisha ensifentrini kwa watu wazima wenye ugonjwa sugu wa mapafu. Hii huvutwa kwa mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu. Hupanua mirija na pia hupunguza uvimbe wake.

Lakini dawa bora haifai kitu ikiishia kinywani. Chembe zake hutengenezwa ziwe na upana wa mikromita 1 hadi 5, kwani kubwa zaidi hukwama kooni. Isitoshe, hutoka kikoponi kwa kasi. Usipovuta pumzi papo hapo, nyingi hugonga ulimi.

Ndiyo sababu wagonjwa wengi hushauriwa kuunganisha inhela na chombo chenye uwazi ndani, kinachozuia dawa kwa muda ili waivute polepole. Je, hicho ni ghali? Mwaka 1999, Dkt Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na chombo cha dukani. Muulize muuguzi akuonyeshe inavyotengenezwa.

Ukitumia inhela yenyewe, itikise kwanza, kisha toa pumzi. Bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta polepole, halafu zuia pumzi kwa takriban sekunde 10. Ikiwa ni ile yenye dawa ya kutuliza uvimbe, sukutua mdomo baadaye.

Ikumbukwe kwamba hakuna inhela inayofufua pafu lililoharibika. Sigara na moshi wa jikoni sharti viepukwe. Lakini mzee wako akipewa kikopo hicho, usimtishe. Mpeleke kliniki nacho, amwonyeshe muuguzi jinsi anavyokivuta, akosolewe hapo hapo.