Hesabu Inapotulia

Tangu mwaka 1763, ilipochapishwa makala ya marehemu Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza, wanahisabati wamekuwa na kanuni ya kurekebisha dhana kwa kadiri ya ushahidi. Lakini kanuni hiyo, pindi mambo yasiyojulikana yanapofika mamia au maelfu, aghalabu hudai hesabu isiyomudiwa hata na kompyuta zenye nguvu, na hapo wataalamu hawana budi kuridhia kadirio.

Miongoni mwa njia za kukadiria, ile iitwayo ya variesheni hushika, badala ya mtawanyo halisi wa ihtimali, mtawanyo mwepesi ambao aghalabu ndani yake kila kigezo huhesabiwa kuwa hakina uhusiano na mwenziwe, kisha hukirekebisha kigezo kimoja baada ya kingine, mzunguko kwa mzunguko, ili kupunguza tofauti baina ya mitawanyo hiyo miwili. Tofauti hiyo haizidi kwa hatua yoyote, basi hesabu hutulia. Bali swali zito ni hili: inatulia wapi?

Natutazame vigezo viwili vyenye mtawanyo wa Gauss, uhusiano wao 0.9. Kila mzunguko huacha 0.81 ya kosa la wastani lililotangulia, hata baada ya mizunguko 10 kosa hubaki kama asilimia 12. Uhusiano ukiwa 0.99, kufikia kiasi hicho hicho hutaka mizunguko 105 hivi. Wastani, mwishowe, hutoka sahihi. Ama variansi, kipimo cha shaka yetu, hutoka 0.19 tu ya ile ya kweli penye uhusiano wa 0.9, na takriban 0.02 penye 0.99, wala haitaongezeka hata tungeizungusha hesabu milele. Uhusiano ule ule unaoichelewesha hesabu ndio unaoipa, ikishatulia, yakini isiyoistahili. Na jambo hili, kwa maoni yangu, lilipasa kutangazwa kuliko wepesi wa njia yenyewe.

Penye kugawa data kwa makundi kuna taabu nyingine, kwani hesabu huweza kutulia mahali mbalimbali kwa kufuata ilikoanzia, na makundi yaliyoanza sawasawa kabisa hayatengani kamwe.

Dawa ya yakini hiyo ya uongo ipo: kuuacha mtawanyo wa kukadiria nao uchukue uhusiano wa vigezo, na katika mfano wetu jibu hutoka kamili. Lakini vigezo 1,000 hudai hapo namba 500,500 za variansi na uhusiano, ambapo njia nyepesi hutosheka na 1,000.