Chungulia uvunguni kabla hujaamini maandishi ya 4WD

Ukipanda mlima wa Nyasaka, hapa Mwanza, mvua ikiwa imenyesha, ndipo unapolijua gari lako. Jirani yangu alilijua la kwake katikati ya mlima: RAV4 yenye maandishi ya 4WD mlango wa nyuma, magurudumu ya mbele yanachimba tope, ya nyuma yametulia tuli. Fundi alipoingia uvunguni hakukuta propela, ule mhimili mrefu unaotoka mbele hadi difu ya nyuma. Kuna aliyeing'oa propela zamani, gari likauzwa na maandishi yake.

Gari nyingi tunazonunua Mwanza zimeshatumika Japani. Kaplingi inayopeleka nguvu nyuma ikifa, wapo wanaoona nafuu kung'oa propela kuliko kununua kipuri. Kwenye lami ya kwenda uwanja wa ndege gari hukimbia vizuri tu, na mnunuzi hashtuki.

Kwa hiyo anzia uvunguni. Uione propela kwa macho yako. Ikiwepo, fundi apime oili ya difu na aangalie inapovuja.

Kisha nenda mchangani, kule Igombe. Mtu asimame pembeni, mbali na njia ya gari, awe macho yako. Kama ni X-Trail, weka swichi kwenye LOCK. Ondoka taratibu. Magurudumu ya mbele yakichimba na ya nyuma yote mawili yakakaa kimya, umeshapata jibu.

Hilux za zamani zenye mkono wa transfa zina kipimo kingine. Funga habu kama ni za kufunga kwa mkono, weka H4 (magurudumu yote manne) na gia ya kwanza, zima injini, kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, ambayo Mwanza hatuyakosi. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ulizungushe kwa mkono. Likizunguka kirahisi, nguvu haifiki mbele. Ukimaliza, rudisha H2 (magurudumu mawili), maana H4 kwenye lami kavu huua gia.

Wenye Subaru wapime matairi kwa futi kamba. Tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6 hivi. Kuchanganya tairi jipya na kipara hutesa mfumo mzima.

Na tafadhali, unaposhuka mlima usijiamini kupita kiasi: 4WD husaidia kupanda, breki ni zilezile za gari lolote. Masika huanza Machi. Mwone fundi Februari.