Fundi wa jiko asile mtaji wako

NGARA: Kambi ya Lukole, iliyohifadhi wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2008, iliacha somo la biashara. Kuni zilipoanza kufuatwa mbali, jiko linalobana matumizi liligeuka mali.

Somo hilo linawahusu pia mama lishe na wenye migahawa wanaopeleka majiko ya mkaa kwa mafundi. Fundi asiye mwaminifu hukandika udongo mbichi juu ya ufa, hupaka bati rangi, kisha hudai bei ya kigae kipya. Siku chache baadaye ufa hurudi, mkaa ukateketea pamoja na faida.

Wafanyabiashara wanashauriwa kupatana bei mbele ya shahidi na kukiona kigae kabla hakijajengewa. Kigongwe kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti nzito. Fundi apewe kwanza fedha ya vifaa tu, amaliziwe jiko likishawaka, na atoe risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji.

Unafuu wa fundi haupimwi kwa ujira wake, bali kwa magunia ya mkaa yanayofuata.