Kuchekesha Ni Kazi

Wengi wanafikiri kama kuchekesha ni mchezo tu. Sivyo. Amri Athumani, yule Mzee Majuto wa Tanga, Tanzania, alizaliwa mwaka 1948, na kwa miaka 9 tu alikuwa anaigiza mbele ya watu. Alichekesha mpaka uzee, jukwaani na kwenye filimu mingi.

Lakini mwigizaji akilipwa mara moja tu, mwenye filimu anaendelea kuuza miaka na miaka. Majuto alipougua, mwaka 2018, serikali iliweka kamati ya kuchunguza mikataba yake na ya wenzake. Alikufa tarehe 8 Agosti mwaka ule.

Kipaji tunapewa na Mungu. Karatasi, tuisome wenyewe mbele ya kutia sinyatire.