Ngoma ya hora ilivyogeuka sura ya taifa katika picha za Theodor Aman

WAHENGA walinena kuwa ngoma ivumayo haidumu. Hata hivyo, ipo ngoma moja ya mashambani nchini Romania iliyovuma na bado ingali inadumu, na mmoja wa waliochangia kuidumisha ni mchoraji Theodor Aman. Ngoma yenyewe huitwa hora.

Hora huchezwa kwa duara. Wanaume kwa wanawake hushikana mikono na kuzunguka, hatua chache mbele, nyingine nyuma, huku wapiga fidla wakiwatumbuiza. Zamani, wanakijiji walikusanyika Jumapili na siku za sikukuu kuicheza. Msichana alipoingia katika duara kwa mara ya kwanza, watu walijua kwamba amefikia umri wa kuposwa. Naye aliyevunja maadili aliweza kuondolewa humo hadharani, na aibu hiyo ikamfuata hadi nyumbani. Kwa hivyo, hora haikuwa burudani tu, bali pia baraza la kijiji.

Aman alizaliwa mwaka wa 1831 mjini Câmpulung, katika familia ya mfanyabiashara. Mnamo 1850 alielekea Paris, Ufaransa, kusomea uchoraji. Wakati huo hapakuwa na nchi iliyoitwa Romania. Palikuwa na maeneo mawili, Moldavia na Wallachia, yaliyokuwa chini ya himaya ya Waothmani.

Wasomi waliopigania muungano wa maeneo hayo walihitaji ishara ambayo hata asiyejua kusoma angeielewa. Waliipata katika hora, kwani mikono iliyoshikana ilifanana na watu walioamua kuwa kitu kimoja. Mnamo 1857 Aman alichora hora ya muungano mjini Craiova. Miaka miwili baadaye, Januari 24, 1859, Wallachia ilimchagua Alexandru Ioan Cuza kuwa mtawala wake, siku chache baada ya Moldavia kufanya vivyo hivyo. Maeneo hayo mawili yakawa na kiongozi mmoja.

Mnamo 1864, Aman pamoja na mchoraji mwenzake, Gheorghe Tattarescu, walianzisha shule ya sanaa jijini Bucharest, naye Aman akawa mkurugenzi wake hadi alipofariki mwaka wa 1891. Ingawa alisifika kwa kuchora vita na watawala wa kale, katika miaka yake ya mwisho alirejelea uwanja wa kijiji. Picha yake, Hora ya Aninoasa, ya mwaka wa 1890, inaonyesha wanakijiji waliovalia mavazi ya sherehe wakiselebuka. Humo hamna mfalme wala jemadari. Mkulima ndiye mhusika mkuu.

Lakini picha hizo zina upande mwingine ambao mtazamaji hana budi kuuzingatia. Wanamuziki wengi waliopiga fidla kwenye hora walikuwa wa jamii ya Waroma, na Waroma walikuwa watumwa kwa karne kadhaa. Utumwa huo ulipigwa marufuku Moldavia mwaka wa 1855 na Wallachia mwaka wa 1856. Ina maana kwamba Aman alipochora duara la muungano mnamo 1857, mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wapiga fidla hao wawe huru.

Wakulima nao, licha ya kusifiwa katika picha, waliendelea kutaabika kwa uhaba wa ardhi. Mnamo 1907 waliasi, na jeshi likawaua maelfu yao. Mchoraji Octav Băncilă alilichora tukio hilo bila kulipamba. Katika picha yake mashuhuri iitwayo 1907, mkulima hachezi tena, bali anatoroka ili kuokoa roho yake.

Picha za wachoraji hawa wawili zinafaa kutazamwa pamoja. Aman alionyesha kile ambacho taifa lilitamani kuwa, ilhali Băncilă alionyesha deni ambalo taifa hilo lilikuwa halijawalipa wakulima wake. Kila Januari 24, Waromania hukusanyika katika viwanja vya miji kama vile Iași na Focșani, wakashikana mikono na kucheza hora ya muungano. Duara hilo lina maana kamili pale tu ambapo kila mmoja, akiwemo mpiga fidla na mkulima asiye na shamba, ana nafasi ndani yake.